Bili ya Kubernetes: tugawe kwa kilichoombwa au kilichotumika?

Ofisini kwetu Lubumbashi, bili ya wingu, yaani ya seva tunazokodi mtandaoni, ikifika kwa dola, timu mbili zinazotumia seva hizo kupitia Kubernetes, mfumo unaozipa programu nafasi kwenye seva, hutazamana. Kugawa kwa matumizi halisi kunaonekana haki: umetumia nusu ya kiini cha prosesa (CPU), lipia nusu. Lakini podi, yaani kifurushi kimoja cha programu inayoendeshwa, ikiomba viini 4, Kubernetes huviweka kando kwa jina lake hata vikilala. Ni kama kukodi taksi nzima hadi Kipushi ukapanda peke yako: viti vitupu nani alipe? Timu ya malipo iliomba 4, ikatumia 0.3, ikacheka. Kugawa kwa kilichoombwa kungewabana. Ila asiyeomba kitu angekula bure. OpenCost, zana ya kukokotoa gharama za Kubernetes, huchukua kilicho kikubwa kati ya viwili. Naegemea hapo, ingawa seva inayokaa tupu bado haina mwenyewe.