Sabufa (bafle ya besi peke yake) Klipsch R-100SW mu nyumba ya mbao ya Goma: inafaa ao haifai?

Nianze na jibu kabisa, juu najua wengi wenu mnasoma paka mistari ya kwanza: kwa muziki inafaa sana, kwa filamu inafaa lakini si kwa zile za mabomu na mandege, na kwa nyumba ya mbao kama zetu hapa Goma inaomba kazi kidogo mbele ya kukupa raha. Yangu ni okazyo, iliisha tumika, mali ya Ubelgiji, niliitoa dola 140, imechubuka kwa pembe moja lakini bafle yenyewe, ile sahani ya rangi ya shaba, haina hata alama. Mwenye kuniuzia aliniacha niisikilize kwake na nyimbo zangu mimi, kwa simu yangu, na hiyo njo ilinivuta kuliko bei.

Sasa mtaniuliza kwa nini si zile za Birere, mtaa wetu wa maduka. Mwenye kupita Birere anajua vile inakuwaga, mabafle yamepangwa mpaka mu barabara, kila duka na wimbo wake, mataa nyekundu na blu yanaruka, na kijana anakushika mkono "patro, patro, kuja uone, hii ni wati elfu tano!" Ndugu zangu, wati 5000 kwa kitu cha dola 60? Namba ile inaitwa PMPO, ni nguvu ya kilele ya kanukta kamoja tu, na kila fabriki inaihesabu vile inapenda. Geuza kitu nyuma, soma kale kakaratasi karibu na fasi kable ya umeme inaingilia: kamoja nilichosoma mimi kiliandikwa 220V, 60W. Kama inakula wati 60 ku prizi, 5000 itazitoa wapi? Namba ya kuuliza ni RMS, ile nguvu ampli inaweza kushikilia wimbo muzima bila kuanza kukwaruza. Hii Klipsch ni 150 RMS na 300 ya kilele. Nilimuuliza yule kijana yake ni RMS ngapi, akanijibu "RMS iko ndani, patro." Haya.

Sisemi vya Birere vyote ni takataka. Kama uko na chumba kimoja, unataka habari, dini, na muziki kidogo ya Jumapili, chukua ile ya 2.1 (vibafle viwili na boksi moja ya besi) uende nayo, utafurahi. Shida yake ni moja tu: besi yake ni noti moja. Boksi ni dogo, tundu lake limepangwa kupiga kwa nguvu fasi moja, hapo ku Hz 70 ao 80 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti iko chini zaidi), ili mteja wa barabarani asikie tumbo likitikisika anunue. Ukiweka rumba unasikia du, du, du, lakini mpiga besi mwenyewe anapanda na kushuka na wewe haumufuati, noti zingine zinapotea. Gitaa ya besi ya nyuzi nne, uzi wa chini kabisa ni Hz 41, na ile ya nyuzi tano inashuka mpaka 31. Klipsch wanaandika 32 mpaka 120 kwa hii yao, maana yake karibu noti zote za chini za gitaa ziko ndani. Na inasikika! Kuna nyimbo za zamani za rumba nimezisikiliza tangu mutoto kwa redio ya mzee wetu, nilikuwa najua gitaa ya solo na sauti paka hivyo, sasa njo nasikia kumbe chini kulikuwa mtu anafanya kazi ya ajabu, na anaacha nafasi, hapigi kila wakati. Ndombolo nayo iko muzuri, mateke ya batri, zile ngoma, yanaingia na kutoka haraka, hayabaki yakivuta mukia.

Kwa filamu niseme ukweli. Ile 5.1 wanayoandika ku filamu, ile .1 ni njia ya besi peke yake, inabeba sauti za mpaka Hz 120, na filamu kubwa zinashusha vitu mpaka 20 na chini yake, fasi ambayo mwili unahisi kuliko sikio kusikia. Bafle ya inchi 10 ya bei hii, kama hii yangu, haifiki huko. Mulipuko unapiga, kifua kinashtuka, lakini ile nyumba kutikisika haipo. Mimi haininyimi usingizi, matetemeko tuliisha yapata ya bure 2021 volkano ilipotoka, sihitaji kuyanunua. Kama wewe ni mtu wa filamu kwanza, weka franga pembeni utafute inchi 12, ile ndugu yake mukubwa R-120SW ni 200 RMS na inashuka mpaka 29, na kama uko na fasi na mfuko, kuna za SVS, fabriki ingine, zinazoshuka zaidi, lakini hapa Goma hizo utaagiza, hautazikuta.

Tuje ku nyumba sasa, juu hii njo mambo ambayo hakuna mahali nilikuta yameandikwa kwa watu kama sisi. Majaribio yote unayosoma ku intaneti yamefanywa ku nyumba za Ulaya na Marekani, saloni imefungwa, kapeti chini. Sisi huku tuko juu ya mawe ya volkano, ukuta ni mbao, juu mabati, plafo ni tripleksi ao hakuna. Mbao nyepesi haishiki besi ya chini, inaipitisha inje. Hiyo ina ubaya na uzuri wake. Ubaya: ile nguvu ambayo ukuta wa matofali unarudishia chumba, wewe hauipati, na jirani anapata sehemu yake bila kulipa. Uzuri: besi haijikusanyi. Mu nyumba ya matofali na simenti, sauti ya Hz 40 ina urefu wa mita 8 na nusu, chumba cha mita 4 kinaikamata inakwenda na kurudi, unakuta ku kiti kimoja inavuma mpaka kichwa kinauma, ku kiti kingine hakuna kitu. Kwangu mu mbao hiyo iko kidogo tu. Rafiki yangu wa Himbi, nyumba nzuri ya matofali, tuliipeleka kwake tukajaribu, ilivuma kama pipa ya mafuta, mpaka tulipoitoa ku kona tukaipunguza volume.

Lakini mbao inalia. Hii sabufa tundu lake la kupumua liko nyuma, si mbele, kwa hiyo ukiisukuma ukutani unapulizia mbao moja kwa moja. Usiku wa kwanza nilisikia drrrrr, nikafikiri bafle imepasuka. Nikazima sauti zote, nikaweka mlio mmoja wa Hz 50 ku simu (kuna programu za bure za hiyo), nikatembea na mkono ukutani. Ilikuwa msumari mmoja umelegea, chini ya dirisha, mbao inapiga mbao. Nikaupigilia. Ikahamia ku mabati. Kisha glasi za mama ya watoto mu bife. Mambo ya kufanya ni haya: iache nafasi ya shibiri moja na nusu hivi nyuma, chini ya miguu yake ukate mupira wa matairi ya zamani, ule ule wanavalisha magurudumu ya chukudu, uweke vipande vinne, na sakafu kama ni ya mbao weka kwanza jiwe pana ao tofali za sementi halafu mupira juu. Tangu hapo glasi zinalala.

Fasi ya kuiweka, usikisie. Kuna njia ya zamani: beba sabufa uiweke pale ku kiti yako, fasi kichwa chako kinakaaga, weka wimbo wenye besi inayotembea, halafu wewe utembee kwa magoti kuzunguka saloni sikio likiwa chini. Pale utakaposikia kila noti iko sawa, hakuna yenye kupiga kelele na hakuna yenye kupotea, pale njo fasi yake. Watoto watakucheka, waache. Kwangu ilitoka pembeni ya televizio, si mu kona. Kona inakupa besi nyingi lakini nyingi si nzuri.

Vidude vya nyuma vya kupanga sauti ni vitatu tu na watu wanaviogopa bure. Cha kwanza volume. Cha pili ni cha kukata sauti za juu, kinatoka 40 kinafika 160: kama mabafle yako ya pembeni ni ya inchi 5 hivi weka 80 ao 90, kama ni vidogo vya televizio panda 120, lakini ukipita hapo sauti ya mwanaume inaanza kutoka ku sabufa na utajua iko wapi, na sabufa nzuri haipaswi kujulikana iko wapi. Kama uko na resiva ya sinema, ile ampli yenye kugawia bafle zote sauti, fungua hicho mpaka mwisho, uache resiva ikate yenyewe ku 80. Cha tatu ni cha fazi, 0 ao 180: kaa ku kiti, mtu mwingine akibadilishe, shika ile yenye besi imejaa, basi, hakuna elimu nyingine.

Umeme. Hapa niinue sauti kidogo, juu watu wengi wanatumiwa vitu na ndugu wa Marekani. Marekani ni volti 120, hapa ni 220. Shemeji yangu alitumiwa sabufa nzuri sana, ya jina kubwa, akaichomeka kwa furaha, ikatoa harufu mbele ya kutoa sauti. Fundi aliiokoa, sasa inaishi na transfo ya kushusha ambayo inapata moto na inavuma yenyewe. Yangu ya Ulaya imeandikwa 230V nyuma, na hiyo njo kitu cha kwanza nilisoma mbele hata ya kuuliza bei. Weka stabilizateri, umeme ukirudi kwa ghafla unarudi na hasira. Na kama unatumia panneau ya jua na onduleri ya bei ndogo, ile isiyotoa umeme laini, utasikia zzzzz hata bila muziki, hiyo si kosa ya sabufa. Kwa matumizi usiogope, wati 150 haiziguse kwa kusikiliza kawaida, unite zangu za mwezi sijaona tofauti ya kusema.

Majirani, ni mambo ya adabu tu. Kwetu kuna kanisa ng'ambo ya barabara lenye mabafle yanayofika kiuno changu, kwa hiyo mimi ni wa mwisho kulaumiwa, ila saa tatu ya usiku ikipita naizima kabisa na filamu inaendelea na bafle za pembeni, juu kwa mbao kupunguza haitoshi, besi kidogo bado inamufikia mutoto wa jirani mu kitanda.

Nyota nne kwa tano. Ya tano nimeishika juu haina telekomande, na mimi mwenye kukaa nainuka kila filamu nikipunguza, kila wimbo nikipandisha. Kable ya RCA, ile ya kuipelekea sauti, haikuja nayo, niliikuta Birere dola 4, ya mita 5, chukua ile nene kidogo na usiipitishe sambamba na kable ya umeme kama hautaki mvumo.