Hita ya mafuta kwa chumba ya mtoi, baridi ya Julai huku Molo

Nianze na jibu ndio wenye haraka waende zao: kwa chumba ya mtoto, hita ni ile ya stima yenye mafuta ndani, hizo zingine ni za sebuleni watu wazima wakiangalia mpira. Yangu ni ya fini tisa (zile bapa za chuma zimesimama pamoja), wati 2000, niliitoa duka moja ya vitu vya stima Nakuru tao kwa elfu nane na kitu, baada ya kuvutana bei na jamaa wa kaunta hadi akaniuliza kama nataka pia anilipie matatu ya kurudi. Naipea nyota nne kwa tano. Hiyo moja nimekata nitafika.

Kama uko Kisumu pita tu, dada yangu anakaa huko na Julai bado analala na feni. Huku Molo tuko juu mita 2,500 hivi, na kuanzia Juni mpaka Agosti ukiamka saa kumi na moja asubuhi unaona pumzi yako ndani ya nyumba. Chumba ya mtoi iko kona, kuta mbili zinaangalia nje, sakafu ni simiti, juu mabati. Yeye ana miaka miwili na nusu, unamfunika anapiga teke, unamfunika tena anapiga teke, asubuhi blanketi iko chini na pua imeziba. Kofia ya marvin nayo hata usiongee, anaivua na kuitupa mbali kabisa.

Sasa hapo dukani jamaa alitaka sana nichukue ile ya vyuma vinavyowaka rangi ya machungwa, ju ni bei ya chini. Ile inachoma chenye kiko mbele yake tu, ukisonga kando unaganda, na mtoto wa huu umri ataenda kuishika, hakuna labda hapo. Ya feni inapasha haraka, siwezi danganya, lakini ukizima dakika chache baridi imerudi palepale na inavuma usiku kucha. Hii ya mafuta, mafuta yenyewe yamefungwa ndani, hayachomwi na hauongezi (shosho yake aliniuliza nitakuwa nikiijazia petroli stesheni gani). Kuna waya ndani inapasha hayo mafuta, yanazunguka kwa fini, joto inatoka polepole. Ipatie kama nusu saa ndio uanze kusikia kitu. Lakini ukiizima inabaki na joto muda mzuri, na kelele yake ni tik tik tu chuma ikipanuka, mtoi hata hashtuki.

Stima ndio kila mtu huniuliza. Iko na hatua tatu, 800, 1200 na 2000. Ukiiweka ya juu inakula uniti mbili kwa saa, na uniti ikiwa karibu shilingi 30 hiyo ni kama sitini kila saa, so ukiiacha hapo usiku mzima tokeni zitaisha kabla ya mwezi kufika katikati. Venye mimi hufanya, saa moja jioni tukikula naiwasha ya juu mlango umefungwa, akienda kulala chumba iko sawa, narudisha 800 na themostati inaikata yenyewe ikifika joto, halafu naizima nikienda kulala. Alfajiri kwenye baridi inauma ndio naiwasha tena kidogo. Kwa hesabu yangu haipiti mia mbili kwa usiku, na usiku mwingi ni chini ya hapo.

Nyota nimekata kwa hiyo themostati. Iko na namba moja hadi sita, digrii hakuna, so sita ni nini? Ilibidi ninunue kipimajoto cha ukuta, kale kadogo ka bei ya chini, ndio nikajua kwamba kwa chumba yetu namba tatu inaleta kama digrii 18. Madaktari wa Uingereza husema chumba ya mtoto mdogo ikae kati ya 16 na 20, na kwa kweli hapo ndio analala bila kutoa jasho. Usimpime kwa mikono ju mikono ya watoto hukuwa baridi hata akiwa sawa, weka kidole shingoni nyuma ama kifuani. Na kama wako hajafika mwaka, hayo mablanketi mazito na mito toa kabisa kitandani, mvalishe tu nguo za kutosha.

Kitu ingine inaniudhi ni waya, fupi mno, haifiki mita mbili, na hii si hita ya kuweka kwa ekstensheni. Wati 2000 inavuta ampia nane hivi, hizo ekstensheni nyembamba za barabarani zinayeyuka. Ichomeke kwa soketi ya ukuta moja kwa moja, baada ya saa moja shika plagi, ikiwa vuguvugu ni sawa, ikiwa inachoma zima na uite fundi. Ikae mita moja kutoka kitanda na pazia. Na usianike nepi juu yake hata kama inakukonyeza.

Lakini wacha niseme ukweli, bila kuziba chumba hii hita ni kupashia popo moto. Joto inapanda juu, na juu ni mabati matupu. Landlodi hakutaka kusikia maneno ya jipsam so tuliweka silingi bodi za kawaida kwa hicho chumba kimoja tu, na hapo ndio pesa yetu ilifanya kazi kuliko hita yenyewe. Chini ya mlango kulikuwa na mwanya wa vidole viwili, nilikata mguu wa jinsi kuukuu, nikashona upande mmoja, nikajaza vitambaa, nikafunga, sasa inalala hapo mlangoni kila jioni. Pazia ni ya mtumba, nzito, ile ya hoteli. Kapeti pia. Tundu la hewa la juu sijaziba na usizibe, mtoto anahitaji hewa.

Na kuhusu jiko la makaa, shosho alipendekeza tuliingize chumbani likishaiva kama zamani. Hapana. Hata likiwa jekundu bila moshi linatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inaua watu wamelala, na kila msimu wa baridi Kenya hii tunasikia familia imepatikana hivyo. Stima ikienda mimi namleta mtoi kitandani kwetu, amevaa soksi mbili, basi.

Kwa watu wa Lanet na Free Area hapo Nakuru, huko chini si baridi kama huku, chukueni ya fini saba ya wati 1500, inatosha chumba ndogo na tokeni zitapumua. Ombeni risiti yenye muhuri na waiwashe hapo dukani mbele yenu, na mkague zile gurudumu nne ziko kwa boksi, yangu nati moja ilikuwa imekosekana na ilibidi jamaa afungue boksi ingine.