Nyayo bapa: kiatu gani ununue, na kipi ukipite kama humjui muuzaji

Lowesha mguu, kanyaga sakafu ya saruji, kisha uinue. Wenzako wanaacha alama iliyomegwa katikati. Sisi wenye nyayo bapa tunaacha kitu kama chapati. Kila kiatu changu soli hulika upande wa ndani, na nikishasimama kwenye daladala kutoka Posta hadi Mbagala, kifundo kwa ndani kinawaka moto.

Pale soko la mitumba la Karume muuzaji atakwambia, "Dada, hii laini kama boflo, jaribu mwenyewe." Ni kweli ni laini, na ndiyo taabu yenyewe. Unyayo usio na mvungu, ule uwazi wa katikati, ukibeba uzito huporomokea ndani, na sponji laini huufuata hukohuko. Wewe tafuta kiatu kibishi. Bonyeza nyuma ya kisigino kwa gumba: kikisinyaa kama karatasi, rudisha. Kikunje: kipinde penye vidole, si katikati. Kisha kipopotoe kama unakamua tambara la deki. Kikikubali kukamuka, si chako.

Namba moja kwangu ni raba za mtumba za kukimbilia, zile zilizoundwa kwa ajili ya watu ambao mguu unalalia ndani. Majina ya kukariri: Brooks Adrenaline GTS, Asics Gel-Kayano, Saucony Guide, New Balance 860. Kwenye matoleo ya zamani utaona upande wa ndani wa soli kuna kipande cha sponji ya kijivu. Ukikibonyeza kwa ukucha ni kigumu kuliko upande wa nje. Kisipokuwepo usikimbilie kusema ni feki. Brooks wamehamia kwenye kingo zilizoinuliwa kuzunguka kisigino, na Kayano nayo imeacha kile kipande tangu namba 30 ya mwaka 2023.

Mtumba una mitego yake. Sponji ya raba huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi, hata kama juu panang'aa kwa kusuguliwa brashi. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikiwa imeinama ndani, mwenye nayo wa kwanza alikuwa mwenzetu na amekwisha kuimaliza. Toa soli ya ndani uangalie: alama za vidole vyake zikiwa zimechimbika, unanunua mguu wa mtu mwingine. Sponji yenye mikunjo mingi kama shingo ya kobe, acha.

Muda nao una ubishi wake. Mguu huvimba jioni, kwa hiyo jioni ndiyo saa sahihi ya kupima. Lakini belo hufunguliwa asubuhi, na vizuri huondoka mapema. Mimi naenda asubuhi na kuacha nafasi ya upana wa kidole mbele. Bei sitaji, maana ya saa moja si ya saa nne.

Namba mbili ni soli za ndani ngumu, hasa kwa aliyelazimishwa viatu vyeusi kazini. Chagua zenye gamba la plastiki chini, kuanzia kisigino hadi mvunguni. Zile za jeli zitakubembeleza tu. Kwanza toa soli iliyokuja na kiatu, vinginevyo kisigino kitachomoka kila hatua. Anza kwa saa moja au mbili kwa siku. Za kupimiwa hutengenezwa hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, na hospitali ya KCMC Moshi, ambako chuo cha TATCOT hufundisha mafundi wa kazi hiyo.

Tatu, sandali zenye kitako cha koki (ile ya vizibo vya chupa), mtindo wa Birkenstock. Kile kinundu cha katikati ya kitako kikae chini ya mvungu; kikiangukia mbele au nyuma, namba si yako. Yenye gidamu ya nyuma ni bora zaidi.

Katambuga naipa nusu ya alama: tairi halipindi, ila ni bapa kama sisi wenyewe. Flati za ofisini na raba za turubai, hapana. Kandambili ni za bafuni.

Kuna maumivu ambayo kiatu hakiyawezi. Simama kwa mguu mmoja, shika ukuta, inua kisigino. Ukishindwa, au mguu mmoja tu umeanza kubonyea ukubwani, nenda hospitali kabla ya sokoni. Huenda ni mshipa unaoshikilia mvungu umelegea.

Na mtoto wa miaka mitatu mwenye nyayo bapa zisizouma, usimnunulie kiatu maalumu. Wengi huwa hivyo umri huo, na mvungu hujijenga kadiri wanavyokua. Mwache akimbie peku uani.