Mafuta ya nazi ya "penye vifuu", Ngamiani, Tanga: uzoefu wangu wa miezi minane

Nianze na aibu yangu. Julai mwaka jana nilimpelekea dada yangu mkubwa, aliyeolewa Lushoto, lita moja ya mafuta ya nazi niliyoyanunua kwa mchuuzi, yamo kwenye chupa iliyowahi kuwa ya maji ya kunywa. Kesho yake akapiga simu. "We mtoto, nimekuagiza mafuta ya nazi, umeniletea mafuta ya mgando?"

Yalikuwa yameganda, meupe kama samli, na shingo ya chupa nyembamba hata mpini wa kijiko hauchoti kitu. Mama mkwe wake akakata shauri papo hapo kwamba yamechakachuliwa. Kumbe mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lushoto mwezi wa saba joto hilo ni la kutamani tu. Mimi mtu wa Makorora, hapa Tanga mjini, ninayelala na feni mwaka mzima, ningejuaje? Na aliyeniuzia hakusema neno.

Jirani ndiye aliyenielekeza Ngamiani, "pale penye vifuu".

Duka halina bango. Mlangoni vinaning'inia vifuu vya nazi vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa, vimetungwa kwenye kamba ya katani. Upepo ukivuma vinagongana, unavisikia kabla hujauona mlango. Mitaa ya Ngamiani ni ya namba, barabara ya ngapi sijui na ya ngapi, na mgeni akishakosea hesabu huzunguka mpaka jua limchwee. Ukisema penye vifuu, hata mtoto anakupeleka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ya kupikia au ya kupaka?"

Nikamsimulia kisa cha Lushoto. Hakucheka. Akafungua friji anamowekea sharubati ya ukwaju, akatoa kopo, akalipindua: halikudondoka hata tone. Akachukua la juu ya meza, akaliinamisha, mafuta yakatembea kama maji. "Yote ya sufuria moja haya. Hili limepigwa na baridi." Kwenye karatasi ya kopo, chini ya tarehe ya kukamuliwa, pameandikwa: "Yakiganda hayajaharibika. Tia kopo kwenye maji ya moto." Mdomo wa kopo ni mpana, vidole vinne vinaingia. Zamani naye alikuwa akiuza kwa chupa, akaniambia, mpaka wateja wawili wa milimani wakamrudishia, mmoja na matusi juu.

Robo lita ni shilingi 5,000. Kwa wachuuzi naipata kwa 3,500, kwa hiyo msije mkasema sikuwaambia. Mimi nalipa hiyo 1,500 ya ziada kwa sababu ya kitu kingine nilichokiona siku ile ile: juu ya meza kuna chupa ya mafuta ya rangi ya kahawia, haiuzwi. Ni sufuria aliyoiunguza. Tui analilaza usiku, asubuhi anaengua utando wa juu, anauchemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge. Moto ukizidi yananuka kuungua, na maji yakibaki ndani yanachacha baada ya siku chache. Ile chupa ameiweka ili mteja ajue yaliyoharibika yanafananaje, anuse mwenyewe, kisha anuse anayoyanunua. Nimezunguka maduka mengi mjini hapa, sijaona mwingine anayetandaza kosa lake mezani.

Si mbali na hapo kuna duka jipya, taa za rangi, kioo ukuta mzima, mafuta ya nazi kwenye chupa ya kupendeza yenye Kiingereza mbele na nyuma. Nikatazama bakodi, inaanza na 620, namba zinazotolewa hapa hapa Tanzania. Sasa Kiingereza chote kile anaandikiwa nani? Nilinunua moja kwa ajili ya kulinganisha. Mafuta si mabaya hata kidogo. Ila ningempelekea mama mkwe wa dada, tungerudi kwenye kesi ile ile, maana chupa ni nzuri na shingo ni ile ile nyembamba.

Basi miezi minane natumia ya bibi. Ya kupaka hayajawahi kunichachia, hata kopo lililokaa dirishani wiki sita. Kwenye kupikia harufu yake ni ya nazi kwelikweli, na kwa maandazi mimi naona inazidi, mke wangu anabisha. Ya asumini sikuyapenda. Niliyafungua nikitegemea ua la asumini, pua ikakutana na manukato ya dukani. Nilimwambia, akanyamaza, na bado anayauza, nadhani kwa sababu yanatoka.

Kuna kasoro mbili nyingine. Wino wa karatasi yake hauhimili mafuta: ukilishika kopo kwa vidole vya mafuta siku kumi, tarehe imefutika, na tarehe nayo ni sehemu ya nilichokilipia. Na kifuniko hakina kizibo cha ndani. Kopo la kwanza nililopeleka stendi ya Kange likapanda basi, mafuta yakayeyuka vizuri kwenye joto la Korogwe, yakavuja mfukoni, na Lushoto likafika na robo tatu yake. Bibi alinipa kopo dogo la kufidia bila ubishi, na sasa ya safari anayafunga nailoni chini ya kifuniko. Nailoni inatosha, haipendezi.

Nembo ya ubora hana bado. Nilimuuliza, akanionyesha barua ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo; kwa wajasiriamali wadogo wenye barua hiyo, TBS, shirika la viwango, huwapa huduma ya kupata alama bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Kinachomchelewesha ni jengo, anatafuta chumba cha kukamulia kilicho mbali na jiko la nyumbani. Kama wewe ni mtu wa kutazama nembo kwanza, subiri. Mimi nimenusa ile chupa ya kahawia, nimetosheka.

Dada sasa anaagiza makopo mawili kila mwezi, moja ni la mama mkwe.

Kwa watakaokwenda: ukirudisha kopo unapunguziwa 500. Adhuhuri anafunga, na akifunga vifuu anaviingiza ndani, kwa hiyo ukipita ukaona kimya hujapotea njia. Rudi saa kumi.