Redio ya sola ya Mbuyuni: inunue kwa ajili ya FM, mengine ni nyongeza

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta: 35,000. Kijana muuzaji hapo soko la Mbuyuni, Moshi, alianzia 45,000, akanitajia sola, tochi, bluetooth, flashi na "mabendi yote ya dunia". Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mama wa kwaya, nishikie Sauti ya Injili, redio yetu ya kanisa, kwanza, hela tutaongea baadaye. Akavuta antena, akaishika palepale katikati ya kelele za soko. Jina la kampuni sikutajii kwa sababu halina maana. Meza za Mbuyuni zina redio hiyohiyo kwa majina tofauti.

Kwenye FM haina mchezo. Asubuhi naitundika kwenye msumari wa banda wakati nakamua, na kwaya zinaingia safi. Soprano na sauti ya pili unazipata zote. Besi ndizo zinazopotea, spika ni ndogo mno. Baba watoto anaimba besi na amekwisha kulalamika. Ukiisimamisha ndani ya sufuria tupu sauti inanenepa kidogo.

Sasa hiyo SW, yaani bendi ya masafa mafupi. Vijana hawatanielewa nikisema kwamba kwaya za Moshi zamani tulizisikia kutoka Ethiopia. Studio ilikuwa hapahapa Moshi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960: vipindi vya Kiswahili vinarekodiwa kwenye tepu, tepu inasafirishwa hadi Addis Ababa, na kule Radio Voice of the Gospel, stesheni ya Walutheri iliyoanza mwaka 1963, inavirusha kwa masafa mafupi. Wimbo ulioimbwa chini ya Kibo unakwenda Addis ndipo urudi kwetu kwa njia ya angani! Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikaitaifisha ile stesheni. Na huku bara hewani alikuwepo Radio Tanzania wa serikali peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa wengine. Leo Sauti ya Injili inarusha matangazo yake kwa FM kutoka Moshi.

Kwa hiyo SW niliijaribu kwa upendo kabisa. Ndani ya nyumba ni kukwaruza tu. Usiku uani, antena ikiwa imevutwa yote, zinakuja sauti za mbali zinazozama na kuibuka, hujui ni Kiarabu au ni nini. Usiilipie.

Mnaokaa Old Moshi, Kibosho na Marangu, msiilaumu redio bure. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, hayaruki mgongo wa mlima. Kwangu juu inashika vizuri. Nikishuka korongoni kukata majani ya ng'ombe inaanza kukoroma. Masafa mafupi ndiyo yaliyokuwa yakigonga juu angani na kurudi chini, ndiyo maana Addis ilitufikia hata mabondeni.

Sola ni kipande cha ukubwa wa kiganja. Januari inasaidia. Juni na Julai, mawingu yakilala mlimani, ni pambo. Chaji kwa waya. Betri yake ni BL-5C, ile ya simu za kitochi, kwa hiyo ikifa hutahangaika, kila kibanda cha simu wanayo. Tochi ni nzuri kuliko nilivyotarajia, naendea zizini.

Jambo la mwisho: zipo za aina mbili, ya kuzungusha gurudumu na ya kubonyeza ijitafutie stesheni yenyewe. Chukua ya gurudumu. Ile nyingine stesheni ikiwa dhaifu inairuka, na huku kwenye migongo nusu ya stesheni ni dhaifu. Na muuzaji akikataa kuiwasha kabla hujalipa, sogea meza ya pili.