Uzoefu wangu: meni swichi mpya kwenye nyumba ya mlimani, Bugarika

Nyota nne. Ya tano nitasema ilipopotelea.

Nakaa Bugarika, Mwanza, juu kwenye mawe, na nyumbani hapo hapo nauza sangara na sato wa friza. Meni swichi ya zamani ilikuwa ya njia nne, yaani nafasi za breka nne, na ile breka yenye kitufe cha T, inayokata umeme ukivuja, ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Mwaka jana tukaenda msibani Sengerema siku tatu. Huku nyuma mvua ikanyesha, taa ya getini ikaingia maji, breka ikaruka. Tuliporudi harufu ilitupokea tukiwa bado kwenye ngazi. Breka ilifanya kazi yake. Aliyeniharibia biashara ni aliyefunga taa ya geti na friza pamoja.

Fundi wa safari hii ana leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Nilidhani atakuja na meni swichi mkononi, akaja na daftari. "Mama, usinunue kitu kwanza. Nipitishe chumba kwa chumba unioneshe mnachomeka nini." Tulizunguka saa nzima. Pasi mnapigia wapi? Pampu ya tenki inawaka mtu akiwa anaoga? Kwenye hita ya bafuni akasoma kibandiko: wati 5,500. Akagawa kwa volti 230, ikaja kama ampia 24. Waya uliokuwa unailisha ni wa 2.5 (unene wake, milimita za mraba), ule ule mwembamba wa soketi, na kuna mtu aliuwekea breka ya ampia 32 ili isisumbue kuruka. Alipofungua kiboksi, plastiki ya waya ilikuwa imegeuka kahawia, ukiigusa inapukutika. Hapo nikaacha kubishana bei.

Mimi nilitaka ya njia nane. Tukahesabu: hita peke yake, waya wa 6 na breka ya 32; soketi za vyumbani njia yake na za jikoni njia yake, waya wa 2.5 na breka za 20; taa makundi mawili, waya wa 1.5 na breka za 10, ili moja likizima usitafute mshumaa kwa kupapasa; kisha pampu, friza na taa za nje, kila kimoja njia yake. Nane zimejaa na bado sijajenga chumba cha mbele. Tukachukua ya 12. Friza na taa za nje kila moja ikapewa breka yake ya kukata umeme ukivuja, hazitegemei ile ya pamoja.

Kazi ngumu ilikuwa ethi, ile rodi ya chuma inayopeleka umeme uliovuja ardhini. Rodi ilizama futi moja na nusu ikagonga jiwe. Akahamia nyuma ya bafu, kwenye migomba, ndiko kuna udongo wa maana. Akanieleza kwamba kwenye mawe kama haya, waya wa moto ukigusa bodi la friji, umeme unaopita kwenda ardhini ni kidogo mno kurusha breka ya 20. Friji linabaki linapiga watu shoti. Ile ya T inaruka kwa miliampia 30 tu, ndiyo maana mlimani si kitu cha kukata kwenye bajeti. Nabonyeza kitufe chake kila mwanzo wa mwezi kuona kama bado iko hai.

Wiki iliyopita usiku radi ilipiga ziwani, mvua ikaja na upepo. Taa ya geti ikazima. Nikatoka na tochi hadi barazani, friza inaunguruma.

Sasa ile nyota. Alisema saa nne asubuhi, akafika saa nane mchana. Tundu alilotoboa ukutani nimeziba mwenyewe kwa saruji. Na majina ya breka aliyaandika kwa penseli. Mama mkwe alitaka kuzima pampu, akamzimia mume wangu hita akiwa na povu kichwani.