TAHADHARI: Unakwenda Paris wikendi kwenye soko la Saint-Ouen? Soma kabla hujatoa euro yako

Ndugu mnaotoka London, Brussels au Amsterdam Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku, hii ni yenu. Soko la vitu vya kale la Saint-Ouen, ambalo Wafaransa wanaliita Puces, yaani viroboto, ni soko halali lenye wafanyabiashara wazoefu, na vitu vizuri vimo. Wanaoharibu ni wa aina mbili: tapeli anayekuvizia njiani, na muuzaji wa ndani anayecheza na maneno. Wote wawili wanategemea jambo moja, kwamba Jumatatu hutakuwepo kurudi kudai.

Ukishuka Gare du Nord, stesheni ya treni zinazotoka huko, usikubali msaada wa mtu yeyote kwenye mashine ya tiketi, hata kama amening'iniza kitambulisho shingoni. Anapokea pesa taslimu ya pasi ya siku kadhaa, anakukabidhi tiketi ya safari moja au ya mtoto, na mkaguzi akikukamata faini ni yako. Nunua mwenyewe kwa kadi, au nenda dirishani. Laini ya 4 ya metro inakufikisha moja kwa moja Porte de Clignancourt, kituo cha mwisho.

Hapo ndipo wengi wanapolizwa. Kutoka mlango wa metro unatembea kwa muda, unapita vibanda vya raba na majaketi, kisha chini ya daraja la Périphérique, barabara inayozunguka jiji. Mgeni anaona umati na meza, anadhani ameshafika. Bado hajafika. Mikoba, saa na mikanda yenye majina makubwa inayoning'inizwa mikononi hapo ni feki, na nchini Ufaransa kosa si la muuzaji peke yake. Ukikutwa nayo, forodha wanaitaifisha, wanaweza kukutoza faini inayofika mara mbili ya thamani ya mkoba halisi, na sheria inaruhusu kifungo cha hadi miaka 3. Kwa hiyo mkoba wa euro 40 unaweza kukugharimu maelfu. Simu nazo usiziguse: unaonyeshwa nzima inayowaka, unaondoka na boksi jingine lililofungwa vizuri, ndani mna kipande cha plastiki chenye uzito wa simu. Na ule mchezo wa karata tatu, ambao pale huchezwa kwa viduara vitatu juu ya boksi la katoni, wanaoshinda mbele yako wote ni wapambe wa mwenye mchezo. Ukisimama tu kutazama, mwingine yuko nyuma yako anapekua mfuko.

Vuka daraja, shika Rue des Rosiers. Soko lenyewe ni mkusanyiko wa masoko yenye majina: Vernaison, Dauphine, Biron, Paul Bert, Serpette na mengine. Siku za wateja wa kawaida ni Jumamosi, Jumapili na Jumatatu.

Huku ndani mtego ni neno moja: style, yaani mtindo. Ufaransa ina amri ya tarehe 3 Machi 1981 inayosema maneno ya muuzaji wa vitu vya kale yana uzito gani. Kiti kikiandikwa "époque Louis XVI", yaani zama za Louis XVI, mfalme wa Ufaransa wa karne ya 18, muuzaji amekuhakikishia kwamba kimetengenezwa zama hizo. Kikiandikwa "style Louis XVI", hajakuhakikishia chochote. Kinaweza kuwa cha 1960, na bado hajavunja sheria. Vivyo hivyo "dans le goût de", "genre de", "manière de", "façon de" na "d'après", maneno yenye maana ya "kwa mtindo wa" au "kwa kuiga": hayana dhamana yoyote. Kwenye picha, "de" au "par" likifuatwa na jina la msanii ni dhamana kwamba ni kazi yake, lakini "attribué à" ni dhana tu, japo dhana yenye msingi. Muuzaji mjanja atakutamkia "époque" mdomoni, kwenye karatasi ataandika "style", au hataandika kitu kabisa. Amri hiyohiyo inamlazimu, ukiomba, akupe hati inayotaja aina ya kitu, malighafi iliyokitengeneza, asili yake na umri wake. Sema hivi: "Une facture, s'il vous plaît, avec l'époque et la matière", yaani naomba ankara inayotaja zama na malighafi. Akianza kuzungukazunguka, rudisha kitu mezani uondoke. Mdomo hauna ushahidi.

Sasa vinyago, kwa sababu hapa watu wetu wanaumizwa kupitia mapenzi ya kwao. Kuna wauzaji wenye vinyago vya Kongo na vya Wamakonde wanaodai ni vya miaka 100. Vingi ni vipya, vimezeeshwa kwa moshi, udongo na dawa ya viatu. Usitazame uso, geuza utazame ndani. Kinyago kilichovaliwa ngomani miaka mingi kimelainika na kung'aa pale kilipogusana na paji la uso na kidevu, na matundu ya kamba yamelika upande mmoja kwa kuvutwa. Cha kuzeeshwa kina rangi ileile ndani na nje, kingo za matundu bado kali, na ukinusa kwa karibu unapata harufu ya moshi au ya dawa ya viatu. Futa kidogo kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikichafuka kahawia mara moja, rudisha. Matundu ya wadudu pekee si ushahidi, maana ubao hata wa juzi unaweza kuliwa.

Vijiko na uma: tafuta chapa ya kichwa cha Minerva, mungu mke mwenye kofia ya vita. Hiyo ndiyo alama ya fedha halisi ya Ufaransa tangu 1838. Namba 84 mgongoni mwa kijiko cha Kifaransa haina uhusiano na usafi wa fedha. Ni gramu za fedha zilizopakwa kwenye dazeni ya vijiko na uma. Yaani ni mpako juu ya metali nyingine, na anayekuuzia kama fedha tupu anakupiga. Dhahabu ya karati 18 ya Ufaransa hugongwa kichwa cha tai, hivyo pete yenye maandishi "18K" tu si uthibitisho, na ile ambayo mtu "ameiokota" miguuni pako ni shaba nyeupe au njano iliyong'arishwa.

Sanamu ya "bronzi": ipindue, kwaruza kidogo ukingo wa chini kwa ruhusa ya mwenye nayo. Ukiona njano, endelea kuongea bei. Ukiona kijivu cheupe, ni régule, aloi ya bei rahisi iliyopakwa rangi ya bronzi.

Pembe za ndovu msinunue kabisa. Uuzaji wake umebanwa vikali Umoja wa Ulaya, Uingereza sheria yake ilianza kutumika Juni 2022, na kuivusha mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ni kosa. Muuzaji akisema ni mfupa, tazama kwa lenzi: mfupa una vitundu vyeusi vidogo, pembe kwenye sehemu iliyokatwa ina mistari inayopishana kama wavu.

Kitu kikubwa kinachohitaji kusafirishwa, jihadhari na malipo ya awali. Karatasi ikiandikwa "arrhes", unaweza kughairi ukapoteza ulichotoa, na muuzaji akighairi anakurudishia mara mbili. Ikiandikwa "acompte", umeshafungwa kulipa yote. Na usijiambie utarudisha ndani ya siku 14. Haki hiyo haipo ukinunua mwenyewe dukani au mezani kwa muuzaji.

Lipa kwa kadi kila inapowezekana. Piga picha ya kitu, ya namba ya kibanda na ya lebo ya bei kabla hakijafungwa. Ukishagundua umepigwa, peleka malalamiko kwenye SignalConso, huduma ya serikali ya Ufaransa, ukiambatanisha hati na picha hizo, na siku hiyohiyo ipigie benki yako kupinga malipo. Noti ulizotoa mkononi chini ya daraja hakuna benki itakayokurudishia.